Msomaji Siye Mnunuzi: Biashara ya Vitabu vya Ukombozi wa Mwanamke Hadi Kagera

Vitabu vinavyomwambia msichana kwamba mwili wake, masomo yake, ndoa yake na urithi wake ni mambo ya yeye mwenyewe kuamua vina soko nchini Tanzania, ila ni soko la namna yake: anayesoma siye anayelipa. Wanaolipa ni shule inayofuata orodha ya vitabu teule, shirika lenye fedha za wafadhili, dayosisi yenye duka lake, au mzazi aliyetajiwa jina la kitabu na mwalimu. Kwa sababu hiyo, kitabu cha aina hii huandikwa, huchapwa, husifiwa au hupigwa marufuku kwa kutazama uso wa mlipaji. Mkoa wa Kagera, hasa Bukoba na Muleba, unalionyesha jambo hili waziwazi kuliko mikoa mingi. Una wasomaji wa muda mrefu na migogoro ya ardhi ya ukoo ambayo mwandishi yeyote angeionea wivu, na una wauza vitabu wachache.

Historia ya soko lenyewe inaanza na aibu kidogo. Moja ya riwaya za kwanza za Kiswahili zilizomweka msichana wa shule katikati ya mambo, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ilichapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, na muda mfupi baadaye ikazuiwa shuleni. Kosa lake lilikuwa kueleza bila kuficha jinsi binti aliyelelewa chini ya baba mkali anavyoharibikiwa akishatoka nje ya macho ya baba huyo. Marufuku haikukiua kitabu. Baadaye kiliingia katika orodha ya vitabu vya fasihi, na wachapishaji wamekichapa tena na tena kwa zaidi ya nusu karne. Wapo wahakiki wanaouliza kama kweli ni kitabu cha ukombozi, maana Rosa anamalizia maisha yake kwa kujiua, na mwalimu mwenye nia ya kuwatisha wasichana anaweza kukisoma kama onyo tu. Swali hilo lina uzito wa kibiashara pia. Kitabu kinachosomeka kwa njia mbili, ya kumtetea msichana na ya kumwonya, kina walipaji wa aina mbili.

Waandishi wanawake walifuata upesi. Mwaka 1975 zilitoka Shida ya Ndyanao Balisidya na Hana Hatia ya Martha Mvungi. Penina Muhando alikuwa ameshatoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972, na mwaka 1982 akatoa Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji kimoja wanahangaika kuisimamisha nguzo isiyokubali kusimama. Zanzibar ilimtoa Zainab Burhani na Mwisho wa Kosa mwaka 1987. Kati ya vitabu hivi, kilichopata soko la kudumu ni Nguzo Mama, na sababu ni nyepesi: kiliingizwa katika masomo ya kidato cha tano na cha sita. Hana Hatia na Shida leo ni vigumu kuvipata madukani, ingawa thamani yake ya fasihi haikupungua hata chembe.

Hapo ndipo uchumi wa vitabu hivi ulipo. Katika biashara ya vitabu ya Tanzania, kitabu teule huuza mwaka hadi mwaka bila tangazo; kitabu kisicho teule huchapwa mara moja kwa nakala elfu moja au mbili, kikatapakaa polepole, kikasahaulika. Mwandishi kwa kawaida hupata mrabaha wa karibu asilimia 10, na muuza vitabu hutaka punguzo la kati ya robo na asilimia 40 ya bei ya jalada. Mchapishaji hubaki na kiasi kinachopaswa kulipia karatasi kutoka nje, matbaa, ghala, usafiri na hasara ya nakala zilizorudi. Hesabu hiyo haitoki bila oda kubwa, na oda kubwa hutoka shuleni au kwa mfadhili.

Orodha ya vitabu teule iliyotumika kwa miaka mingi chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) inaonyesha ni mwanamke wa namna gani aliyelipiwa. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne walisoma Takadini ya Ben Hanson, ambamo mama anatoroka kijiji ili kumwokoa mwanawe mwenye ualbino asiuawe. Kwa Kiingereza walisoma Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone, kuhusu binti wa miaka 14 anayekataa kukeketwa, na Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, hadithi ya UKIMWI katika familia ya watu wenye majina ya Kitoro, ya nchini Uganda. Madarasa ya chini yalikuwa na Hawa the Bus Driver ya Richard Mabala, na ya juu yalikuwa na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambamo Yasmin anaozwa kwa mzee kisha anaamua kuondoka. Vitabu vizuri, baadhi vizuri sana. Lakini mtu akitazama majina ya waandishi ataona kwamba msichana wa Tanzania amefundishwa ukombozi wake zaidi na wanaume. Penina Muhando anasimama karibu peke yake. Hili si njama ya mtu. Orodha huchagua kilichokwisha kuchapishwa na kinachoweza kupatikana kwa wingi, na walioweza kuchapishwa kwa wingi walikuwa wanaume.

Kwa msomaji wa Kagera, Passed Like a Shadow haikuwa hadithi ya mbali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka mkoani humo mwaka 1983, na nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilibaki na bibi na wajukuu tu. Vitabu vya miaka ya 1990 na 2000 vinavyohusu wasichana, ikiwemo tamthilia fupi ya Kilio Chetu iliyotolewa na Medical Aid Foundation, vilizaliwa katika msiba huo, na fedha zilizovilipia zilikuwa mara nyingi fedha za afya. Ndiyo maana vingi vinamzungumzia msichana kama mtu aliye hatarini kabla ya kumzungumzia kama mtu mwenye matakwa. Mfadhili wa afya hununua kinga. Hakuna aliyemwomba anunue tamaa ya maisha.

Mlipaji wa pili, wafadhili, alikuja na majarida kabla ya vitabu. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987, kilitoa jarida la Sauti ya Siti mwaka uliofuata, kwa jina la mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP) ulianza mwaka 1993 na kujaza rafu za ofisi na vijitabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Penina Mlama (ndiye Penina Muhando) na Amandina Lihamba, kilianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, ambamo wasichana wa sekondari walitumia sanaa za maonyesho kutaja matatizo yao wenyewe. Lakini aliyefika mbali kwa wingi wa nakala ni Femina, iliyoanza mwaka 1999: jarida lake la Fema lilichapwa kwa zaidi ya nakala 100,000 kwa toleo na kugawiwa bure shuleni, na ndugu yake Si Mchezo! lilielekezwa kwa vijana wa vijijini. Riwaya ya Kiswahili nchini kwa kawaida haikaribii idadi hiyo kwa mwaka mmoja. Mwanafunzi wa sekondari ya Muleba aliweza kusoma kuhusu hedhi, ujauzito na mkopo wa biashara bila kutoa senti.

Ugawaji wa bure una gharama yake, na gharama hiyo huangukia duka. Msichana aliyezoea kupewa Fema hujenga tabia ya kusoma, ambayo ni faida, lakini pia huona maandishi ya haki zake kuwa kitu cha semina na si cha kununuliwa kwa pesa ya mfukoni. Mradi ukiisha, jarida hupungua au hukoma, na hakuna muuza vitabu aliyejengeka kuchukua nafasi. Mpango wa Burt, ulioanzishwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Children's Book Project kwa fedha za Kanada, ulijaribu njia ya katikati. Ulimpa mwandishi zawadi, ukamhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala elfu kadhaa, kisha nakala hizo zikaenda maktaba na shuleni. Ndimo zilimotoka riwaya za Kiingereza za vijana za Nahida Esmail, zenye wasichana wanaotaka mambo makubwa. Riwaya zilikuwa za kuvutia. Tatizo ni kwamba lugha iliyolipiwa ilikuwa ile ambayo msichana wa kijijini anaisoma kwa mtihani, si kwa starehe.

Wachapishaji wenye moyo wa kazi hii ni wachache na wanajulikana. Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha E & D mwishoni mwa miaka ya 1980, nyumba ya uchapishaji inayoendeshwa na wanawake, na riwaya ya Lema ya Parched Earth ikatoka hapo mwaka 2001. Kitunga baadaye aliendeleza Soma, ambayo mkahawa wake wa vitabu huko Dar es Salaam umekuwa ukumbi wa waandishi na wasomaji. Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, iliyoanza mwaka 1991, ina orodha pana zaidi. Wote walitikiswa na mabadiliko ya sera. Uhuru wa soko la vitabu vya kiada wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwapa kipato cha kufadhili riwaya. Mwaka 2013 kamati ya EMAC iliyokuwa ikipitisha vitabu ilivunjwa, kazi ya vitabu vya kiada ikarudishwa TET, na mchapishaji binafsi akaachiwa vitabu vya ziada na fasihi. Mtu aliyekuwa akilipia riwaya ya mwanamke kwa faida ya kitabu cha hisabati alipoteza hisabati.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni kilomita zipatazo 1,400, kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Biharamulo. Boksi la vitabu husafiri kama kifurushi cha basi, au kwa njia ya Mwanza na meli. Gharama hiyo humwangukia mnunuzi wa mwisho. Kitabu kinachouzwa kati ya Sh 5,000 na Sh 15,000 Dar es Salaam hakiwezi kufika Muleba kwa bei ileile bila mtu kula hasara. Ndiyo sababu maduka mengi yanayoitwa ya vitabu katika miji ya mkoa kwa kweli ni steshenari: madaftari, kalamu, karatasi za fotokopi, vitabu vya kiada na vitabu teule, Biblia na vitabu vya nyimbo. Riwaya isiyo teule huletwa kwa mali kauli, yaani mwenye duka hulipa akishauza, na isipouzwa hurudi. Wachapishaji wengi wamechoka kusubiri fedha hizo.

Kalenda nayo haisaidii. Pesa ya Kagera, kwa sehemu kubwa ya vijijini, ni ya kahawa ya robusta, na uvunaji huanza karibu Mei. Mahitaji ya shule hununuliwa Januari. Mzazi anayeingia dukani mwezi huo ana orodha mkononi na fedha iliyokwisha kupangiwa, na kitabu cha ziada cha binti ndicho cha kwanza kukatwa. Pengo hilo hujazwa na mashine ya fotokopi. Nakala ya kitabu teule iliyotolewa kopi na kubanwa kwa pini huuzwa kwa bei ndogo, mwandishi hapati kitu, na ni nadra mtu kushtakiwa. Kulaani ni rahisi. Lakini kopi hizo zinathibitisha kwamba hamu ya kusoma ipo na kwamba bei ndiyo imekosewa.

Wakati huohuo, mpaka wa Mutukula uko kilomita 80 hivi kutoka Bukoba, na Kampala ni kama kilomita 300 tu. Kampala ina jambo ambalo Dar es Salaam haina kwa nguvu ileile: chama cha wanawake waandishi chenye uchapishaji wake. FEMRITE, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, kilitoa Memoirs of a Mother ya Ayeta Anne Wangusa na The Invisible Weevil ya Mary Karooro Okurut mwaka 1998, kisha Secrets No More ya Goretti Kyomuhendo mwaka 1999. Vitabu hivi vya Kiingereza viko karibu na Bukoba kijiografia na kimaisha, maana ndoa, ukoo na shamba la migomba vinafanana. Hata hivyo biashara ya vitabu ni ya mitaala kuliko ya umbali: basi la Kampala huleta nguo na vyombo, lakini vitabu vya FEMRITE haviombwi kwa sababu havimo katika orodha ya Tanzania.

Mapokezi ya vitabu hivi mkoani yana mizizi mirefu kuliko maduka. Barbro Johansson, mmisionari Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946, aliongoza shule ya wasichana ya Kashasha na kuwafundisha wanawake watu wazima kusoma, kabla ya kuingia bungeni. Katika vitabu vya nje Kashasha inakumbukwa zaidi kwa ugonjwa wa kucheka uliowakumba wanafunzi mwaka 1962, jambo ambalo ni dhuluma kwa shule iliyotoa vizazi vya wasomaji. Wakatoliki walikuwa na shule zao, na Rugambwa ya Bukoba hadi leo ni ya wasichana. Birgitta Larsson aliandika mwaka 1991 juu ya wanawake wa Kihaya na Kanisa wakati wa ukoloni, na swali lake ni lile ambalo muuza vitabu wa dayosisi hulijibu kila siku bila kujua: je, dini ilimpa mwanamke uhuru zaidi? Duka la kanisa limekuwa kwa miaka mingi mahali pa uhakika pa kununua kitabu, na pia chujio. Kitabu cha malezi ya binti na cha ndoa ya Kikristo hupata rafu, ila riwaya ya mke anayeondoka huangaliwa mara mbili.

Ardhi ndiyo inayoleta mabishano makali zaidi. Mwaka 1988 mwanamke mzee wa Muleba aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa Sh 300,000, ili apate fedha za kujitunza. Mpwa wake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha siku iliyofuata, akisema mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilikuwa upande wake. Februari 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba na kwamba mwanamke ana haki ileile ya mwanamume. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory husomwa na wanafunzi wa sheria mbali nje ya Afrika Mashariki. Katika biashara ya vitabu, matunda yake yamekuwa vijitabu vya sheria vya mashirika kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, vinavyogawiwa bure katika mikutano ya msaada wa kisheria. Hakuna sababu ya kibiashara ya kisa hiki kutokuwa riwaya ya bei nafuu. Kina mwanamke mzee, shamba, ndugu wenye uchu, hakimu na mwisho usiotarajiwa, na wasomaji wake wanaishi katika kila kata, kuanzia Kaagya hadi Nshamba.

Mlipaji akiogopa, soko huganda. Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata ujauzito hatarudi shule ya serikali, na amri hiyo ikadumu hadi Novemba 2021 ilipoondolewa. Katika kipindi hicho, kitabu kinachomtetea msichana mzazi arudi darasani kilikuwa mzigo mgumu kumwuzia mwalimu mkuu. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa madai ya kukiuka maadili, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Walengwa hawakuwa waandishi wa haki za wanawake. Lakini mchapishaji mwenye mtaji mdogo hujifunza haraka: ukurasa unaozungumzia mwili wa msichana unaweza kurudisha shehena nzima ghalani.

Kwingineko duniani mambo hayako tofauti sana kama inavyodhaniwa. Kijitabu cha Chimamanda Ngozi Adichie, We Should All Be Feminists, kilichotoka mwaka 2014, kiligawiwa kwa kila kijana wa miaka 16 nchini Sweden kuanzia Desemba 2015, na waliolipa walikuwa chama cha wanawake, mchapishaji na washirika wao. Hata huko, taasisi ilimnunulia msichana. Mfano wa kinyume ni Good Night Stories for Rebel Girls ya Elena Favilli na Francesca Cavallo, ambayo mwaka 2016 ilichangiwa na wasomaji wenyewe kwa njia ya mtandao zaidi ya dola 600,000 kabla ya kuchapwa. Walipaji hao walikuwa wazazi wenye kadi za benki.

Tanzania ina kitu kinachofanana na hicho, ila kwa umbo lake. Waandishi wa hadithi za mapenzi huuza sehemu za hadithi katika makundi ya WhatsApp, malipo yakipitia simu, na wasomaji wao wengi ni wanawake vijana. Hapa msomaji ndiye mlipaji, na inaonekana katika maandishi: mhusika mwanamke ana kazi, ana hasira, ana hamu. Humohumo kuna pia vitabu vya mafunzo ya kumridhisha mume, vinavyouzwa vizuri kuanzia stendi hadi kwenye kitchen party, na kwa hesabu ya mauzo peke yake ndivyo washindani wakubwa wa fasihi ya ukombozi. Waandishi makini hawajaingia sana katika njia hii. Tuzo zimewavuta upande mwingine: Zainab Alwi Baharoon alipata tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell kwa Mungu Hakopeshwa, riwaya ya baba dhalimu na familia yake, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, humpa mshindi Sh milioni 10 na kuchapishiwa kazi yake kwa ajili ya shule.

Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na orodha za vitabu zinabadilika nayo. Wachapishaji wanaopeleka miswada ya wanawake TET sasa ndio watakaoamua wasichana wa Bukoba na Muleba watasoma nini kwa miaka kumi ijayo. Wanaotaka kuwauzia moja kwa moja itabidi watoe kitabu chembamba cha Kiswahili, cha bei inayoshindana na fotokopi, na wakifikishe Mei pesa ya kahawa inapoanza kuingia.